Tundu la Moyo na Mkono wa Mpasuaji

Mtoto aliye tumboni ana tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Mapafu yake hayajaanza kazi, hivyo damu inayotoka kwenye kondo hukatiza hapo kwenda kulisha ubongo. Akizaliwa na kuvuta pumzi, utando mwembamba hulifunika tundu hilo, ila kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne haushikamani kabisa. Wengi wao huzeeka bila kujua. Hatari huja pale bonge la damu lililoganda mguuni linapopanda hadi moyoni na kunasa tunduni, nusu kulia, nusu kushoto. Kwenye eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, huonekana likiyumbayumba kwa kila pigo. Likivuka huweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Mwanapatholojia Julius Cohnheim aliieleza njia hiyo mwaka 1877.

Wapo waumini wanaoona kwamba kulitoa bonge hilo na kuliziba tundu ni kumkosoa Muumba. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni tundu lenyewe. Liliumbwa kwa kazi yenye muda wake, na bila hilo mtoto asingefika kuzaliwa. Uumbaji wenyewe ulikusudia lifungwe. Daktari anayelishona anaimalizia kazi iliyokwisha kuanzwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye tiba. Kwa kuwa tukio hili ni adimu, hakuna majaribio makubwa yaliyowagawa wagonjwa kwa kura. Taarifa zilizokusanywa zinaonyesha kwamba upasuaji hupunguza mabonge yanayorushwa mwilini, lakini kwamba unapunguza vifo bado haijathibitika wazi. Dawa ya kuyeyusha bonge nayo yaweza kulivunja na kukipitisha kipande upande wa pili. Basi, husemwa, tumwachie Mungu. Lakini kuacha nako ni uamuzi, na bonge halisubiri tupate yakini. Tawakali haijawahi kumwondolea mtu wajibu wa kutumia akili aliyopewa. Tangu mpasuaji John Gibbon alipofaulu mwaka 1953 kuziba tundu la ukuta huohuo wa moyo, damu ikizungushwa na mashine, njia ipo. Kwa mgonjwa mwenye nguvu ya kuhimili kisu, naona ni haki yake aelezwe na apewe nafasi hiyo, pamoja na hatari zake zote. Mzee dhaifu akichagua heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, peke yake, hajapungukiwa imani wala ujasiri; amepima mwili wake mwenyewe, na daktari anapaswa kumhudumia kwa bidii ileile.