Usafi Si Kazi ya Watoto Peke Yao



Vijana wetu wanauliza: kwa nini wao waokote takataka Jumamosi, na wazee wazitupe korongoni Jumatatu? Tusiwanyamazishe, swali lao ni la haki.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni, 2019, lakini chupa na karatasi za plastiki bado zimezagaa. Sisi wa Chamwino ni wafugaji, twajua madhara yake. Ng'ombe akimeza plastiki, tumbo haliwezi kuisaga. Hukonda, naye hufa kwa njaa huku tumbo limejaa. Tena mvua za Desemba zikianza, korongo huchukua uchafu wetu hadi shambani kwa jirani. Je, huko ndiko kumpenda jirani?

Someni Mwanzo 2:15. Mtu alikabidhiwa bustani aitunze kabla dhambi haijaingia duniani. Basi kazi hii si adhabu ya kuwapa watoto. Ni wito wa kila mmoja wetu.

Wazee wangu, Jumamosi ijayo tushike mifagio na majembe, twende pamoja nao.

Bwana awabariki. Amina.