Idhini ya Kazi na Ujira wa Mtoto

Kila shule zifungwapo, wavulana wa Likoni na Kisauni hutafuta kazi: huyu apanga bidhaa dukani, yule achukua mizigo sokoni Kongowea. Kitambulisho hawana, kwani hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. (Gunia la viazi, sijui nani aliitaye jepesi.)

Hayo ni ya serikali. Sisi twauliza: baba akitoa idhini, ametoa nini? Katika madhehebu yetu ya Shafi, mapatano ya asiyebaleghe hayafungi. Imamu Nawawi katika Minhaj aeleza kuwa mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kupatana bei, kisha walii ndiye afungaye mauzo. Basi idhini ni ulinzi: baba aende amwone mwajiri, ajue saa za kazi, na adhuhuri itaswaliwa wapi.

Lakini wako waendao kupokea ujira wakautia mfukoni, na wakiulizwa hutaja hadithi kwamba mtoto na mali yake ni vya babake. Wanavyuoni wengi wameifahamu kuwa yamhusu baba mhitaji, kwa kadiri ya haja yake. Mwenye haja na achukue kwa wema, wala asione haya kumwambia mwanawe. Ama asiyehitaji, fedha ile ni amana mkononi mwake kama mali ya yatima, na mtoto akibaleghe na kupata rushdi ana haki kuidai, ijapokuwa haikuandikwa popote.