Kubusu Mkono wa Mshindi

Wazee husema: Mkono usioweza kuukata, ubusu. Neno hili twalisikia tangu utoto, na mara nyingi twaliona kuwa neno la akili. Lakini je, ni neno la haki pia? Sisi wa Shabunda tuna sababu ya kuuliza. Katika miaka ya vita wakubwa wa vijiji walilazimika mara nyingi kukaa na wenye bunduki, kuwapa chakula na kusema nao kwa upole, ili nyumba za watu zisichomwe. Wengine wakawaita wenye busara, wengine wakawaita wasaliti. Basi tuwapimeje?

Swali hili ni la zamani sana. Katika karne ya 13 Wamongoli waliingia Uajemi kwa farasi na mishale, wakaharibu miji mingi. Mwajemi mmoja, Ata-Malik Juvayni, wa ukoo wa makarani wakubwa, alishika kazi kwa washindi hao. Mwaka 1256 mfalme wao Hulagu alipoiteka ngome ya Alamut, yenye maktaba iliyosifiwa mbali, Juvayni aliomba ruhusa ya kuingia. Akatoa nakala za Korani, vitabu vya thamani na vyombo vya kupimia nyota. Lakini vile alivyoviona kuwa vya uzushi alivichoma moto. Mwaka 1258 Baghdad ikaanguka, na mwaka uliofuata akawekwa kuitawala. Huko alichimbisha mfereji wa maji, na pamoja na nduguye Shams al-Din akawasaidia washairi na wenye elimu. Akaandika pia historia ya mabwana zake, wala hakuficha jinsi walivyoua watu. Malipo yao yalikuwa nini? Yeye alishtakiwa na kufungwa, akafa mwaka 1283; nduguye akauawa kwa amri ya mfalme mwaka 1284.

Karibu nasi zaidi, Buganda ilikuwa na Apolo Kagwa, Katikiro tangu mwaka 1889 mpaka 1926. Mwaka 1900 yeye, pamoja na Stanislas Mugwanya, Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri, walitia sahihi mkataba na Waingereza kwa ajili ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa mtoto bado. Kwa mkataba ule Buganda ilibaki na Kabaka wake na baraza lake. Lakini ardhi nyingi iligawiwa wakubwa, na wakulima wengi wakajikuta wapangaji juu ya udongo wa babu zao. Kagwa huyohuyo alikusanya maneno ya wazee, akatoa kitabu cha wafalme wa Buganda mwaka 1901. Pasipo kazi yake mengi yangalipotea. Je, alikuwa mwokozi ama mfaidi? Twaona alikuwa yote mawili.

Hapa kwetu Urega mambo yalikwenda namna nyingine. Wazee wa bwami ndio waliotumia vinyago vya mbao na sanamu ndogo za pembe za ndovu, kila moja na methali yake, kuwafundisha watu mwenendo mwema. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama chao. Vitu vingi vikaenda Ulaya, vikawekwa nyuma ya vioo. Hao wazee hawakuwa na mtu wa kuingia kwa mshindi na kuomba: Hiki kiacheni. Nasi Wakristu tuseme kweli: wako miongoni mwetu waliofurahi, kwa kuwa waliona pale giza tu, kama Juvayni alivyoona uzushi tu katika vitabu alivyovichoma.

Basi, asiyekaribia meza ya mshindi hana njia ya kuomba. Na anayeikaribia hupata njia, lakini mikono yake haitoki safi. Hata Yosefu, aliyewaokoa Wamisri na njaa, aliwanunulia chakula kwa mashamba yao, mashamba yakawa ya Farao. Hatumhukumu mtu kwa sababu alibusu mkono. Twampima kwa mambo matatu. Aliomba nini, na kwa ajili ya nani? Bei ililipwa na nani: yeye mwenyewe, au maskini asiyeulizwa? Na mwisho, alipopata nafasi, alisema kweli juu ya mshindi, au alijifunza kumsifu?

Kwa hiyo mkubwa wa kijiji akirudi kutoka kwa wenye bunduki, tusimpokee kwa matusi, wala tusimpigie vigelegele upesi. Tumpe kiti na maji ya kunywa. Kisha tumwulize kwa heshima: Baba, umetuombea nini, na umetoa mali ya nani?