Je, Umri wa Kileo Hubadili Hukumu Yake?

Ndugu msomaji, wapo watafutaji wa ukweli wanaokubali upesi kwamba Islam imefanya vema kukataza ulevi, ila wakifika kwenye wiski au konyaki ya miaka mingi husita. Husema: "Gongo na pombe za vilabuni tumekwisha kuziacha. Lakini kinywaji kilichotunzwa kwa ustadi, na kunywewa kidogo kidogo na watu wa adabu, chawezaje kuhesabiwa pamoja na hizo?" Swali hili si la kuchekwa. Anayeliuliza huenda anayo chupa kabatini, aliyopewa na mtu ampendaye, naye anataka kujua la kufanya.

Tuwatendee haki kwanza wenye ustadi huo. Konyaki hutokana na zabibu nyeupe za upande wa Charente, Ufaransa. Mvinyo wake huchemshwa mara mbili na mvuke ukapozwa, kisha hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 2. Ile ya daraja la XO, tangu mwaka 2018, sharti itimize miaka 10. Wiski ya Scotland haipati jina hilo kabla ya miaka 3 pipani. Tekila ya Mexico, itokanayo na mmea ulio wa jamaa moja na mkonge wetu wa Tanga, huitwa ya kuzeeka ikipita mwaka 1. Mnunuzi mjuzi haamini rangi, maana wiski na konyaki huruhusiwa kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Tena anajua kwamba kileo huzeeka pipani tu, wala si ndani ya chupa. Hayo ni maarifa ya kweli, nasi hatuyakani.

Lakini ni kitu gani kilichozeeka? Mti umetoa rangi na harufu, na ukali umepungua. Kilevi chenyewe ni kilekile kilichomo katika gongo, ambayo nayo huchachushwa, ikachemshwa, mvuke wake ukapozwa. Ukali wa kileo kichanga angalau humwonya mnywaji. Mwaloni umeliondoa onyo na kuiacha hatari.

Kila mwaka sehemu ya kileo huvukia hewani kupitia mbao za pipa, na watengenezaji huiita fungu la malaika. (Malaika hawakuulizwa.) Ukipita karibu na maghala ya Cognac utaona kuta na mapaa meusi: ni kuvu anayestawi kwa mvuke huo.

Ama kuhusu kunywa kidogo, Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara haikukana kuwa yamo manufaa katika kileo. Yasema tu kwamba madhara yake yanazidi. Basi Muislamu halazimiki kudai kwamba konyaki ni mbaya kwa ladha. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kinacholevya kwa wingi, hata uchache wake ni haramu. Hakuweka mpaka katika kiasi, kwa kuwa mpaka huo husogezwa na yuleyule anayekunywa. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vileo vyote miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo, bila kutenga vya thamani.

Katazo lilipotangazwa Madina, Anas r.a. alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha r.a. Sauti ya mtangazaji ilipofika, Abu Talha alimwamuru akimwage kinywaji kile, nacho kikatiririka vichochoroni. Hakuna aliyeuliza kilitengenezwa kwa tende gani, wala kilikuwa cha siku ngapi.

Lakini swali moja aliuliza Abu Talha, nalo ndilo lililo karibu na chupa yako. Kulikuwa na mayatima waliorithi mvinyo. Wewe wajua, ndugu, jinsi Islam inavyoilinda mali ya yatima. Akamwuliza Mtume s.a.w. afanye nini nao, akaambiwa aumwage. Akauliza kama aweza kuugeuza siki. Akaambiwa hapana.