Uraibu wa Stempu

Kila mtu ana jambo dogo alipendalo ambalo halipwi kwa kulifanya. Mmoja hufuga njiwa, na jioni husimama uani akiwahesabu wanaporejea, kwa uangalifu ule ule wa mfanyabiashara ahesabuye fedha. Mwingine hucheza bao chini ya mwembe hata adhana ikamkuta angali na kete mkononi. Wa tatu hupanda maua katika makopo ya samli, akayanywesha maji asubuhi kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Ukiwauliza watu hawa wanapata faida gani, watakutazama kwa mshangao, kana kwamba umewauliza wanapata faida gani kwa kucheka.

Lugha yetu ina neno kwa mambo haya, nalo ni uraibu. Neno hili hutumiwa kwa vitu vya kujiburudisha, kama tambuu, tumbaku na kahawa. Hutumiwa pia kwa shughuli yoyote ambayo mtu huifanya kwa ajili ya raha ya nafsi yake. Na siku hizi hutumiwa hata kwa mazoea ya dawa za kulevya, yamtawalayo mtu hata asiweze kujinasua. Basi neno moja limebeba furaha na utumwa pamoja, na msomaji makini ataona kwamba hapo ndipo lilipo swali letu. Je, ni haki mtu kutumia saa za maisha yake, nazo ni chache, kwa jambo lisilo na faida? Na kama ni haki, mpaka wake u wapi?

Mimi sistahili kuwa hakimu katika shauri hili, kwa kuwa ni mshitakiwa. Uraibu wangu tangu utoto, na hata leo katika uzee, ni kukusanya stempu za barua.

Nilianza nilipokuwa mwanafunzi mdogo katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mali yangu yote ilikuwa daftari moja kuukuu, mkasi wa mama, na bakuli la maji. Nilizunguka nikiokota bahasha zilizotupwa nje ya maduka na afisi. Nilikata pembe yenye stempu, nikailoweka majini hata gundi ikalegea, kisha nikaianika stempu juu ya kitambaa. Baba yangu, aliyekuwa mtu wa kazi na maneno machache, alinitazama siku nyingi kabla ya kuniuliza:

"Stempu iliyokwisha pigwa muhuri yaweza kupeleka barua tena?"

"La, Baba," nikajibu.

"Basi ni sawa na tikiti ya basi la jana," akasema, akaendelea na shughuli zake.

Sikuwa na jawabu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na baadhi yake nimelipata.

Jawabu la kwanza ni kwamba stempu zilinifundisha mambo ambayo sikuwa nimetumwa kujifunza. Stempu za kwetu za mwaka 1960 zilikuwa na kichwa cha malkia wa Uingereza, na majina matatu pamoja: Kenya, Uganda na Tanganyika. Moja ilionyesha mkonge, nyingine pamba, nyingine kahawa. Mtoto aliyezitazama kwa makini aliweza kufahamu nani alitawala na mashamba yetu yalitoa nini, kabla mwalimu hajafungua kitabu. Niligundua pia kwamba stempu za Uingereza hazina jina la nchi. Sababu yake ni kwamba nchi hiyo ndiyo iliyotangulia kutoa stempu ya kubandikwa, mwaka 1840, na wa kwanza hakuona haja ya kujitaja, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuchanganywa naye. Mpaka leo kichwa cha mfalme au malkia chatosha. Tena nakumbuka nilivyohangaika na ramani kwa wiki mbili nikitafuta nchi iitwayo Helvetia. Mwalimu aliponiambia kuwa ni Uswisi, alicheka yeye, nikacheka na mimi. Lakini Uswisi sikuisahau tena.

Wako watetezi wa uraibu huu watumiao hoja nyingine: kwamba stempu huweza kumtajirisha mtu. Hutoa mfano wa stempu moja iliyochapwa mwaka 1856 katika koloni ya Guyana ya Waingereza, wakati stempu kutoka Uingereza zilipokuwa haba. Bei yake ilikuwa senti moja, na mtu fulani alikwisha kuipunguza pembe zake kwa mkasi. Mwaka 1873 kijana wa miaka kumi na miwili aliiona katika barua za nyumbani kwao, akaiuza kwa shilingi sita. Hakuna nyingine ya namna yake ijulikanayo duniani kwa yakini, na mwaka 2014 iliuzwa mjini New York kwa dola zipatazo milioni tisa na nusu.

Kisa hiki ni cha kweli, lakini hakinisaidii mbele ya baba yangu. Atafutaye stempu kwa tamaa ya mamilioni amekwisha acha uraibu na kuingia biashara, na biashara ina mizani yake. Tena sioni sababu ya kumhurumia sana yule kijana. Fedha iliyozaliwa baadaye hakuipata, ni kweli. Lakini moyo kuruka kwa kuona katika rundo la karatasi kuukuu kitu ambacho wengine wamekipita, hilo alilipata lote siku ile ile, wala hakuna aliyelinunua kwake.

Mpaka hapa huenda msomaji akadhani nimeshinda kesi yangu. Hapana budi sasa nitoe ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Mwaka 1962, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na mwana mmoja tu. Mwana huyo alikwenda Adeni kufanya kazi bandarini. Bibi hakujua kusoma hati ya barua hizo, kwa hiyo mimi nilikuwa macho yake na mkono wake: nilimsomea barua za mwanawe, na kumwandikia majibu. Ujira wangu ulikuwa kaimati mbili au tatu, na sifa nyingi.

Siku moja ilifika barua yenye stempu ya Adeni ambayo sikuwa nayo. Ilikuwa na picha ya jahazi linaloundwa. Nilimsomea Bibi barua, lakini macho yangu yalikuwa katika pembe ya bahasha. Alipoingia ndani kuniletea kaimati, nilitoa mkasi mfukoni, nikakata pembe nzima kwa haraka, nikarudisha barua ndani ya bahasha. Sikumwomba. Nilijiambia kwamba mtu asiyetazama stempu hawezi kuikosa.

Nyumbani niliitumbukiza ile pembe katika bakuli. Maji yakageuka kidogo rangi ya samawati. Naliona rangi ile, nikaipenda, wala sikujiuliza imetoka wapi.

Siku tatu baadaye Bibi aliniita nimwandikie jibu. Safari hii mwanawe alikuwa amehama kazi, na anwani yake mpya aliiandika nyuma ya bahasha tu. Nikaigeuza bahasha. Jina lake lilikuwapo, na neno Adeni lilikuwapo. Lakini mahali pa nambari ya sanduku la posta palikuwa na tundu lenye umbo la uhodari wangu wa mkasi. Nambari ile ndiyo iliyopaka maji yangu rangi ya samawati.

Nilimwambia Bibi kwamba anwani haisomeki. Maneno hayo yalikuwa kweli, na yalikuwa uwongo mkubwa kuliko wote niliopata kusema. Tukaandika barua tukaipeleka kwa anwani ya zamani, nayo haikujibiwa. Kwa muda wa miezi minne nilimwona Bibi akikaa barazani saa ya tarishi. Kila tarishi alipopita, mimi nilikuwa na jambo la kutazama upande mwingine. Daftari langu halikufunguliwa siku zile. Stempu yenyewe niliionea haya.

Mwezi wa tano ilifika barua. Mwana alilalamika: "Mama, nimekukosea nini hata usinijibu?" Nilipofika katika maneno hayo sauti ilikatika, nikalia, nikamweleza yote.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kailete."

Nilileta daftari, nikifikiri atalichana, na nikiona kuwa ana haki. Alilifungua magotini pake, nikamwonyesha mahali. Aliinamia picha ile kwa muda mrefu: mbao, mafundi, na jahazi lisilokwisha.

"Kumbe na huko huunda majahazi," akasema polepole. "Mwanangu anakaa mahali kama pa kwetu." Halafu akanigeukia. "Mjukuu wangu, mbona hukunionyesha siku ile? Ungeniomba ningekupa, tungetazama sote."

Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu siku ile, lakini sikuwahi kushtakiwa kwa usawa kuliko hivyo. Bibi hakusema kwamba uraibu wangu ni upuuzi. Alikuwa mtu wa pili duniani kuitazama stempu ile kama nilivyoitazama mimi, na aliona ndani yake zaidi yangu. Kosa langu lilikuwa kwamba jambo lililonifundisha kuona vitu vidogo lilinifumba macho nisimwone mtu aliyekaa mbele yangu.

Basi kwa fikira zangu, swali la baba halikuwa swali lote. Mtu si punda, hata kila hatua yake ipimwe kwa mzigo alioubeba. Saa ya kucheza bao au ya kutazama njiwa ni sehemu ya uhai, si deni. Lakini kila uraibu una mkasi wake, na yampasa mwenye uraibu ajiulize: ninapokata, nyuma ya karatasi pana nini? Pengine pana usingizi wa jirani anayesumbuliwa na ngoma yangu, au karo niliyopewa na mzazi kwa kazi nyingine, au mtu anayengoja jibu langu huku nimeinamia kitu kinachong'aa mkononi. Wakati wetu una vitu vingi ving'aavyo mkononi kuliko wakati wa stempu.

Baba yangu hakupata kubadili shauri lake juu ya tikiti ya basi la jana. Hata hivyo, baada ya kisa kile, kila bahasha iliyomfikia aliigeuza kwanza, akasoma nyuma yake, ndipo akanipa bila kusema neno.

Stempu ya Adeni haimo katika daftari langu. Nilimrudishia Bibi siku ile ile, naye akaitia katika kikasha chake cha udi pamoja na barua za mwanawe. Katika daftari nimeacha nafasi yake tupu, na ukurasa huo naufungua mara nyingi kuliko kurasa nyingine.