Tujifunze Kutazama



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, Bwana wetu Yesu Kristo awaonya watu waliojua sana kusoma mawingu. Walipoona wingu likipanda upande wa magharibi, mara walitambua kwamba mvua yaja, nayo ikaja. Bwana hakulaumu ujuzi wao huo. Alilaumu macho yaliyotambua mambo ya mbinguni yasitake kutambua yaliyo karibu.

Kusoma mawingu ni kazi njema. Mwaka 1802 Luke Howard, mtengenezaji wa dawa mjini London, aliyapa mawingu majina ya Kilatini yanayotumika hata leo: cirrus, lililo kama shungi la nywele; cumulus, lililo kama lundo; na stratus, lililotandazwa kama shuka. Mwaka 1896 wataalamu wa mataifa mbalimbali wakatoa kitabu cha picha za mawingu, ili watu wa nchi zote waite wingu moja kwa jina moja.

Lakini wako pia watu wa kawaida ambao maisha yao yote hupenda kupiga picha za mawingu. Mwaka 2006 ilipigwa picha moja mjini Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa, Marekani. Wingu lile lilikuwa na mikunjo mfano wa bahari iliyochafuka, ikitazamwa kutoka chini. Wengine nao wakatoa picha zilizofanana na hiyo, hata mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaiingiza sura hiyo ya wingu katika kitabu chake, kwa jina la asperitas. Mawingu ya namna hiyo yalipita juu ya vichwa vya watu tangu zamani. Walioyaona ni wengi. Walioyatazama ni wachache.

Mtu wa namna hii ana fadhila mbili. Ya kwanza ni saburi. Mtumishi wa Nabii Eliya alitazama bahari hata mara ya saba, ndipo akaona kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Angaliacha mara ya sita, asingaliona kitu. Ya pili ni kutoahirisha, kwa maana wingu halimngoji mtu. Muda kidogo tu limegeuka, na sura ile hairudi tena.

Wazazi wapenzi, je, nyumbani mwatazama hivyo? Baba atazama mbingu akajua siku ya kupanda, lakini hajui kwa nini mwanawe amenyamaza wiki nzima. Mama huanua nguo kabla ya tone la kwanza, lakini huzuni iliyo usoni pa binti yake haioni. Kisha dhoruba ipigapo nyumba, twasema imekuja ghafula. La, mawingu yake yalikusanyika siku nyingi mbele ya macho yetu.

Utoto nao hupita kama wingu. Basi jioni ya leo, kabla ya sala ya pamoja, mtazameni kila mmoja wa watoto wenu, mwulizeni habari zake, na mngojeni ajibu. Mwenyezi Mungu, atuonaye sote daima, atujalie macho yenye upendo.