Je, Kukata Bima Ni Kupungukiwa na Imani?

Masika yanapokaribia hapa Musoma hatungoji kuambiwa na redio. Upepo hugeuka ghafula, mama aliyeanika dagaa hukimbilia kuanua, na wenye mabati yaliyolegea hutafuta mawe ya kuyakandamiza. Ni katika majira kama hayo tulipata kuzungumza na mzee mmoja wa mtaa wetu, mshiriki mwenzetu. Tulimshauri aongeze misumari katika paa lake, na kwa kuwa anao uwezo kidogo, aulize pia habari za bima ya nyumba. Akatujibu kwa upole, “Mwalimu, Mungu ndiye bima yangu.”

Hatukubishana naye. Wiki chache baadaye dhoruba iliezua nusu ya paa lile usiku. Kwa neema hakuna aliyeumia. Washiriki wakachangishana: huyu alitoa mabati manne, yule mbao, kina mama wakaleta unga na mboga, vijana wakapanda juu na nyundo. Kabla ya mwezi kwisha mzee alikuwa chini ya paa zima. Siku ya kushukuru alisimama akasema, “Mnaona? Niliwaambia Mungu ndiye bima yangu.” Watu wakacheka kwa furaha, nasi tukacheka. Lakini tulipofika nyumbani neno lile lilikataa kutoka moyoni.

Maana tulijiuliza: Mungu alimsaidia mzee kwa mkono wa nani? Kwa mkono wetu. Mabati manne yale yalinunuliwa kwa fedha ya mtu aliyekuwa ameiweka kwa karo ya mtoto. Basi mzee alikuwa na bima, naye hakujua. Bima yake ilikuwa sisi. Je, yule anayetia fedha yake kapuni mapema, kabla ya msiba, ana imani haba kuliko yule anayengoja msiba ufike ndipo kapu lipitishwe kwa ajili yake? Hatuoni kuwa ni hivyo. Wala hatusemi mzee alikosa kwa kupokea. Kupokea nako kunataka unyenyekevu. Twasema tu kwamba hawa wawili wanakula katika kapu moja, ila mmoja ametangulia kulijaza.

Wako watakaotukumbusha kwamba Bwana alikataza kuisumbukia kesho. Ni kweli. Lakini alichokataza ni ule wasiwasi unaomla mtu moyo. Hakukataza kuweka akiba. Bwana huyohuyo, aliposhawishiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa, akasema kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Na Yusufu kule Misri, alipojulishwa miaka saba ya njaa, hakuketi akiomba tu, alijenga maghala. Wazee wetu wa Mara hawakuwa wajinga katika jambo hili. Walikuwa na vihenge, na mihogo iliachwa ardhini kwa sababu hukaa ikingoja mwaka mbaya. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kulima mihogo ya kinga ya njaa, iliamrisha kwa ukali jambo ambalo wengi walikwisha kuliona lina maana. Na waliokuwa wakubwa mwaka 1974 wanakumbuka Kilimo cha Kufa na Kupona. Hatukumbuki kusikia mtu akisema shamba la mihogo ni dalili ya kutomwamini Mungu. Mbona basi tusemewe hivyo tukiweka shilingi?

Lakini liko jambo linalotugusa zaidi ya hilo la akiba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tuliisoma sheria hii miaka mingi bila kuitazama vizuri. Ukuta ule unamkinga nani? Mwenye nyumba anaijua dari yake, hata gizani. Anayekingwa ni mgeni, na mtoto, na mtumishi. Ndipo tulipoona kwamba tumekuwa tukiuliza swali kwa kulipindua. Tumeuliza, “Je, mimi namwamini Mungu kiasi gani?” kana kwamba nyumbani niko peke yangu na Mungu. Sheria ile inauliza ni nani atakayeanguka kwa sababu ya uzembe wangu.

Tutazame nyumba zetu kwa jicho hilo. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda hayanywewi na baba. Hunywewa na mtoto wa miaka miwili aliyeona chupa anayoijua. Usiku wa mvua, jiko la mkaa linapoingizwa chumbani milango ikiwa imefungwa ili watoto wapate joto, hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, nayo huwachukua waliolala bila kuwaamsha. Waya wa umeme uliounganishwa kienyeji na fundi wa njiani hauulizi ni nani amelipia nguzo. Mtungi wa gesi unaovuja hali kadhalika. Na kiangazi, Juni hadi Agosti, mtu huchoma majani shambani mwake mchana wa upepo, nyasi za paa la jirani zikashika moto. Hapo tutasema ni kazi ya Mungu? Twaogopa kwamba mara nyingi tunamtwika Mungu kazi ambayo ni yetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, katika chombo kilichotengenezwa kubeba watu 101. Tuliwalilia, na tuliwaombea. Lakini si haki kuiita hesabu ile mapenzi ya Mungu.

(Ajabu moja: katika mikataba ya bima ya Kiingereza, tufani, mafuriko na mengine yasiyozuilika yamezoea kuitwa “tendo la Mungu”. Wanasheria wale humkumbuka Mungu paa linapoanguka. Linaposimama miaka thelathini hawamtaji.)

Yapo pia yasiyo uzembe wa mtu. Radi ni mojawapo. Twaweza kuwakataza watoto kujikinga chini ya mwembe au kubaki uwanjani, na wavuvi wasiingie ziwani wingu likiwa limefunga. Shule yaweza kuwekewa kingaradi. Na bado radi ikapiga. Katika kanda hii ya ziwa, msiba wa namna hiyo umewahi kuzaa msiba wa pili: watu hutafuta mchawi, na kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika huwa hatarini. Bwana alipoulizwa habari za misiba, aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Mkristo anayenong'ona jina la bibi kizee baada ya radi hajalisikia neno hilo.

Sasa, bima yenyewe. Hapa kwetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa mali ya umma kabisa mwaka 1967, na kwa miaka mingi ndilo tulilolijua peke yake. Leo kampuni ni nyingi, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kiini chake ni kilekile cha chama cha kufa na kuzikana: wengi watoe kidogo ili wachache waliopatwa wasizame. Tofauti ni kwamba katika chama twajuana kwa sura. Kwa hiyo udanganyifu kwenye bima hauoneki kama wizi. Mtu anayempa mpwa wake kadi ya bima ya afya akatibiwe kwa jina lisilo lake hudhani amelipunja shirika kubwa. Kumbe amechota katika kapu la wagonjwa wenzake. Tumeombwa kadi yetu mara moja, na ndugu wa damu. Tulikataa, tukauza mbuzi kumlipia dawa. Hakufurahi kwa muda mrefu, nasi hatukulala vizuri usiku ule.

Wala bima haitufungui katika deni la jirani. Wengi hawawezi kuilipia nyumba ya udongo, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haiezeki paa la mtu. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipopanda na kuvuka hata kiwango cha mwaka 1964, wako waliohama na magodoro kichwani. Wengine walisema, “Si walijenga ndani ya mita 60 zinazokatazwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004?” Baadhi yao, ndiyo. Lakini mita zile hazimwambii mwenye njaa ya leo aache kula. Mwonye mtu kabla ya maji. Maji yakifika, mchukulie godoro.

Mzee wetu hajakata bima. Anasema bado anafikiri, nasi twamwacha afikiri. Mwaka huu amegongomea paa lake misumari ya kutosha, twakiri, kuliko hata letu. Ila tumemwomba achimbe mtaro kabla ya Machi, kwa maana maji ya bati lake hushuka yote kwenye ukuta wa mjane aliye chini yake. Amekubali. Jumamosi tunakwenda na majembe.